Bastola Yenye Sauti Ndogo

Ami yake bibi harusi alisema neno moja tu juu yetu sisi tuliotoka Unguja, na neno lenyewe lilifika Maskati kabla hatujamtia machoni.

"Hao watu wa mwavuli," alisema, "watakuja na nini?"

Kaka yangu ndiye aliyelileta nyumbani. Yeye anafanya kazi kambini kwa watu wa mafuta, na njia ya kambini inapita karibu na bonde wanakokaa jamaa wa upande wa mama. Huko ndiko posa yake ilikokubaliwa. Baba wa msichana amekufa, kwa hivyo mambo yote yamo mikononi mwa ami, na ami huyo, kaka alisema, amekwisha kumrudisha mposaji mmoja aliyetoka Unguja kama sisi. Alimrudisha kutoka njiani, na nguo za bibi harusi zimo garini.

"Kwa kosa gani?" mama akauliza.

"Hawakupiga."

Huko bondeni msafara wa bwana harusi hauingii kimya kimya. Husimama mbali kidogo na nyumba za mwanzo, mkubwa wa msafara akapiga risasi juu, wenyeji wakamjibu. Ndiyo hodi yao. Asiyepiga amekuja kama muuza samli, na muuza samli hapewi mke.

Sote tukamwangalia baba. Baba alikuwa akiangalia kikombe chake.

Hapa inanibidi nieleze, ingawa baba akisoma atanitoa masikio. Baba yangu hawezi mshindo. Unguja alikuwa karani wa bandari, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na mwavuli mweusi, na sijui kama aliwahi kushika kitu kikali kuliko kalamu. Halafu zikaja zile siku za mwisho, tukalala chini ya kitanda sote wanne, nje bunduki zinalia mtaa kwa mtaa, na baadhi ya watu wetu hatukuwaona tena. Tangu hapo sufuria ikianguka jikoni, baba yuko mlangoni. Na katika miji yote ya dunia tukaja kukaa Maskati, mji ambao kila jioni ngome inapiga mzinga ndipo milango ya mji ifungwe. Mwaka wa tatu sasa anausikia, na bado kila jioni anaruka. Mama amekwisha zoea. Kahawa ya saa ile anamtilia nusu kikombe.

Mimi niliwahi kumshauri baba tuandike maombi kwa wakubwa, ngome iwe inakohoa tu badala ya kupiga. Alicheka. Alikuwa anacheka zamani hizo, kabla ya habari za ami.

"Mimi n'tapiga," kaka akasema.

"Bwana harusi hapigi," mama akasema. "Mkubwa wa msafara ndiye anayepiga."

"Basi mdogo wangu."

"Mtoto wa shule? Si bora twende na mbuzi alie."

Nilitaka kusema kitu juu ya mbuzi huyo, lakini nikamwona kaka. Alikuwa amemwona msichana mara moja tu, mlangoni kwa jamaa zetu, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kupaka mafuta nywele. Sasa alikaa ameshika kofia yake mikononi kama anayesubiri hukumu. Nikanyamaza. Wanaonijua watashangaa.

Jirani yetu ni Mbaluchi, mzee aliyekuwa askari zamani, na ukuta wa uani kwetu ndio ukuta wa uani kwake, kwa hivyo habari ilimfikia bila ya kutumwa. Baba akamwomba bunduki yake. Jirani akatikisa kichwa.

"Sheikh wangu, ningekupa na roho. Lakini kule wanazijua bunduki kama unavyomjua punda wa jirani. Watauliza, hii ya nani? Utasema nini?"

"Basi ninunue. Lakini si bunduki. Bastola."

"Kwa nini bastola?"

Baba akajikohoza. "Ni ndogo," akasema. "Nadhani na sauti yake itakuwa ndogo."

Jirani alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. Mtu anayenunua silaha huuliza inafika wapi, inaua nini. Baba yangu alikwenda sokoni Matrah kutafuta bastola isiyosikika.

Nilikwenda naye mimi kuwa ulimi wake. Kiarabu cha baba ni cha msikitini, kizuri sana ukitaka kuomba maghfira, hakifai kwa kupatana bei. Changu mimi ni cha watoto wa miaka minane, maana shuleni waliponipima waliniweka na hao. Nakaa magoti yamegusa kidevu, na ndevu zinaniota nikiimba alifu bee tee. Kwa hivyo mwenye duka alipoambiwa, kwa sauti nene na maneno ya kitoto, "Baba yangu anataka bastola isiyopiga kelele," alidhani tumetumwa kumcheza shere.

"Mwambie anunue kisu."

"Anasema mzigo umekwisha," nikamwambia baba.

"Umemwambia sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Tulizunguka maduka yote. Kulikuwa na moja ya kishikio cha fedha, kimechongwa maua, na bei yake ilikuwa ya chini hata baba akaanza kutia mkono kifuani kutoa pesa. Jirani, aliyekuwa anatufuata nyuma akijifanya hatujui ili asipandishiwe bei, ndipo akasogea.

"Muulize risasi zake anazo?"

Mwenye duka akasema hana, lakini zinapatikana.

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa bahari, ambao una India, Uajemi na dunia nzima.

"Sheikh," jirani akamwambia baba nje, "kwanza tafuta risasi. Ukizipata, ndiyo utafute bastola inayozila. Bastola bila risasi ni nyundo ya bei kubwa."

Tangu hapo tukawa wanunuzi wenye akili. Tuliingia dukani tukiuliza risasi kwanza. Jirani akanifundisha kuangalia ndani ya mtutu kwenye jua, kama unavyoangalia ndani ya sikio la mtoto, uone kama pana kutu. Kutikisa kile kiviringo cha kutilia risasi kama kinacheza. Kuvuta mtambo pole pole, bila risasi, usikie kama unabana. Nilijiona mtu. Nilimwambia mwenye duka mmoja kuwa bastola yake ina meno mabovu, akanifukuza.

Mwisho zikabaki mbili, kwa muuzaji mmoja mwenye risasi za zote mbili. Moja ilikuwa ndogo, inaingia kiganjani, inang'aa. Baba aliishika kama kifaranga, uso ukamlegea. Ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, nzito, ya jeshi la Waingereza, na pete chini ya kitako ya kufungia kamba. Sura yake ilikuwa kama ya mwalimu wetu mkuu. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ndogo.

"Hii ndogo," baba akasema.

"Tuzijaribu kwanza," jirani akasema.

Tulikwenda Wadi Kabir, nyuma ya mji, ambako hakuna kitu ila mawe, kisima kimoja na mbuzi wa watu. Muuzaji alitoa risasi moja kwa kila bastola, na kwa uso aliotoa nao ungesema anang'olewa meno. Baba akasimama mbali. Halafu akasogea mbali zaidi. Halafu akafungua mwavuli wake, akauweka mbele ya uso, akajificha nyuma yake.

"Baba, hiyo ni risasi, si mvua."

"Wewe nyamaza. Mwambie apige."

Muuzaji akapiga ile ndogo.

Wallahi, sikutegemea. Kile kidude kililia kama kofi la sikio, kikali, na milima ikakichukua ikaturushia, ikakirusha tena upande wa pili. Mbuzi walitawanyika. Mwavuli ulikuwa chini. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono kichwani, na rangi ya midomo yake sikuipenda. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza.

Jirani akamwinua, akamfuta vumbi mabegani kama anayemfuta mtoto wake. "Subiri, Sheikh. Bado moja."

Ile ndefu ilipopigwa ilitoa sauti nene, ya tumboni. Mshindo ulikuwapo, lakini ulikuwa wa mzee anayekohoa chumba cha pili. Baba alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Imepiga?"

"Imepiga, Baba."

"Hiyo hiyo," akasema. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, alisahau kupatana bei. Nikapatana mimi, kwa Kiarabu cha watoto. Muuzaji alinishushia bei, nadhani kwa huruma.

Kwa hivyo tulipata kitu kizuri kwa bei ndogo. Kilichobaki ni risasi, na hapo ndipo usingizi ulipotutoka.

Zilikuwa sita tu, basi, Matrah nzima. Zilikuwa za zamani, shaba yake imeota ukungu wa kijani. Muuzaji mwenyewe alikiri kuwa baadhi zimekufa kwa unyevu.

"Zipi?" nikamuuliza.

"Utajua ukipiga."

Mimi nimefeli hesabu shule mbili, lakini hesabu hii niliielewa mara moja. Risasi ambayo hujaijaribu huna imani nayo, na ukiijaribu huna tena. Baba alizipanga juu ya mkeka baada ya alasiri, akazifuta moja moja kwa kitambaa cha miwani, akazinusa, akazitikisa karibu na sikio. Mama akapendekeza zianikwe juani kama mbata. Jirani alisikia kutoka ng'ambo ya ukuta akapiga ukelele kuwa asianike mtu.

Jirani ndiye aliyemfunza baba. "Ukivuta isilie, usishushe mkono. Usitazame ndani ya mdomo wake. Pengine imelala tu, itaamka. Iache juu, subiri, halafu vuta tena." Baba alirudia maneno hayo kama dua. Jioni alipanda darini na bastola tupu, akasimama ameelekeza mkono mbinguni, akingojea mzinga wa ngome. Mzinga ukilia, alitakiwa avute bila kutikisika. Siku ya kwanza aliiangusha, karibu imponde kidole cha mguu. Siku za baadaye ilibaki mkononi, lakini mkono wenyewe ulikuwa unacheza ngoma. Watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanapanda darini kwao kumtazama. Niliwatupia kokwa za tende mpaka wakashuka.

Kaka aliporudi kutoka kambini, alimkuta baba yuko darini. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Ataweza?" akaniuliza.

"Bastola ni nzuri," nikamjibu.

"Sikukuuliza bastola."

Siku ya safari tulipanda Landrova ya kukodi, mama na shangazi yetu mmoja nyuma na masanduku, baba mbele na dereva, mimi, kaka na jirani tumebanwa katikati. Njia nzima hakuna aliyetaka kusikia mzaha. Nilijaribu mmoja juu ya masikio ya dereva, ukafa peke yake. Baba alikuwa ameweka bastola mapajani, imefungwa kwenye taulo, na kila gari lilipopiga jiwe aliishika kwa mikono miwili. Mwavuli ulikuwa umelala miguuni pangu. Kaka alikuwa amekataza usije; mama akaupakia. Alisema jua ni jua, hata kwa ami.

Tukasimama pale penye kaburi kubwa nje ya mitende, kama ilivyo kawaida. Mbele yetu, kwenye uwazi, wanaume wa kijiji walikuwa wamejipanga, majambia viunoni, bunduki ndefu mabegani. Katikati alisimama mzee mwembamba wa ndevu nyeupe, hana bunduki, ana fimbo. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ndiye ami.

Baba akashuka. Akaniita nisimame naye. Kaka hakuruhusiwa kusogea, jirani alikuwa mgeni. Baba akainua mkono.

Akavuta. *Tik.*

Nilisikia maji yakipita kwenye mfereji wa mitende. Mtu mmoja katika ule mstari aligeuza uso kumwambia mwenzake kitu. Nilijua nyuma yangu kaka ameacha kupumua, maana na mimi nilikuwa nimeacha. Baba hakushusha mkono. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani anaomba, kumbe anarudia maneno ya jirani: usishushe, usitazame, subiri. Jasho lilimtoka kwenye kofia likamwingia jichoni, hakulifuta. Mkono ule ulionichezea ngoma darini sasa ulikuwa umesimama kama mlingoti.

Akavuta tena. Bastola ikakohoa.

Ikakohoa vizuri, kikohozi kizito cha mtu mzima, na moshi ukapanda. Baba akanigeukia na uso ambao sijauona tangu Unguja.

"Imepiga," akasema.

"Imepiga, Baba."

Hapo ndipo nilipowaona wale wanaume wanashusha bunduki mabegani.

Sijui tulifikiri nini, watu wazima na akili zetu. Soko zima tumelizunguka tukitafuta bastola yenye sauti ndogo, na hakuna hata mmoja, si baba, si mama, si jirani aliyekuwa askari, aliyekumbuka kuwa hodi ikipigwa hujibiwa. Na wangejibu kwa bunduki zote zile kwa pamoja.

Baba naye aliziona. Furaha ikamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Akanishika kifundo cha mkono.

"Nikianguka," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "nishike."

Nilikimbia garini. Sikufikiri, ningefikiri nisingefanya. Nikavuta ule mwavuli, nikarudi nikiufungua, nikausimamisha mbele ya uso wa baba wakati uleule waliponyanyua, tukajibanza nyuma yake wawili, baba na mimi, kama watu waliokutwa na mvua sokoni Darajani, kule Unguja.

Dunia ikalia. Sitaieleza. Kucha za baba ziliniingia mkononi, nikamkumbatia kwa mkono wa pili, na alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini miguu yake haikuondoka pale ilipokuwa. Hakuanguka. Nataka hilo lijulikane.

Moshi ulipokwisha, mtu alicheka. Halafu wawili. Nilishusha mwavuli, nikaona yule mzee wa fimbo anakuja kwetu, peke yake. Nyuma nilimsikia mama akisema "Yarabi." Mimi akilini nilikuwa nimekwisha mwona kaka akirudi kambini peke yake na nywele zake za mafuta, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Ami akanyoosha mkono, akanichukulia mwavuli. Akaugeuza, akautazama kishikio. Halafu akaufunga. Si kama wanavyofunga watu wa huku, wanaoukunja kama mkeka. Aliutikisa kwanza, akazipanga kunjo zake moja moja kwa kidole gumba, akauzungusha, akafunga kitanzi na kifungo. Baba yangu mwenyewe haufungi hivyo isipokuwa Ijumaa.

"Wa Darajani huu?" akauliza, kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu.

Nikajibu mimi. "Ndiyo, Ami. Karibu na kwa wauza halua."

"Nilikaa Pemba na Unguja nikiwa kijana, na duka," akasema. "Nilikuwa nao kama huu." Akamtazama baba, akaitazama bastola. "Kwa nini umechukua hii? Nzito, na ya zamani."

Nilimwombea baba aseme uongo. Ningeweza kumtungia papo hapo, mzuri.

"Nilitafuta yenye sauti ndogo," baba akasema.

Wale waliokuwa karibu hawakufahamu lugha. Ami alifahamu. Akausugua ule mwavuli kwa kidole.

"Ulikuwako, siku zile?"

"Nilikuwako."

"Ndugu yangu alikuwako," ami akasema.

Akageuka, akawapigia wenzake kelele kwa Kiarabu kuwa wageni wana njaa, wanangoja nini.

Katika sabla, chumba chao cha wanaume, silaha za wageni hutundikwa ukutani kwenye vigingi. Ami aliitundika bastola ya baba kwa mkono wake, kati ya bunduki mbili ndefu, na kwenye kigingi cha pili akatundika mwavuli. Hakuna aliyecheka tena. Kaka aliketi akila kama mtu aliyefunga mwezi.

Alasiri, wakati wa ngoma na mapanga, vijana walitoka na bunduki zao. Nilimwona ami anamnong'oneza mmoja, na wote wakaondoka pale uwanjani, wakavuka mfereji, wakaenda mbali kule mwisho wa mitende, ambako mtu hapigi risasi kwa sababu hakuna wa kumwona. Hawakuelezwa sababu, nyuso zao zilionyesha. Milio ilitufikia huku kama mtu anapiga vumbi la mkeka nyumba ya tatu. Kila ikianza, ami alikuwa ana habari ya kumwambia baba, juu ya karafuu, juu ya mvua za Pemba, na alizidi kupandisha sauti. Baba alikuwa na kikombe mkononi. Alikuwa akiruka bado, kidogo. Kahawa ilimwagika kidogo. Ami akamwongezea, nusu kikombe.

Siku ya pili tuliondoka na bibi harusi nyuma na mama. Ami akatundua bastola, akampa baba kwa mikono miwili, akatusindikiza mpaka garini. Tulikuwa tumekwisha kuagana nilipokumbuka kilichobaki kwenye kigingi.

"Ami, na mwavuli?"

Akaniangalia kama hakunisikia, akamwambia dereva aende, jua linapanda.

Baba aligeuka nyuma mara moja, tulipopita kaburi kubwa. Alikuwa ameweka bastola mapajani, bila taulo.

"Tungejua," akasema, "tungenunua mwavuli wa pili."